Jibu: Kusasisha kishikwambi usiku wa kuamkia safari

Mkuu, umeuliza kama ukubali leo sasisho la mfumo wa kishikwambi chako cha urubani, chenye ramani za safari, ilhali kesho alfajiri unarusha ndege. Usiguse! Mimi nilibonyeza saa nne usiku; asubuhi abiria wameshafunga mikanda, ramani hakuna, programu inadai nizipakue upya, na intaneti ya uwanjani unaijua mwenyewe.

Zima masasisho ya kujiendesha. Data za urambazaji (taarifa za njia za anga na viwanja) ni habari nyingine: hubadilika kila siku 28, daima Alhamisi, hizo usizicheleweshe. Mfumo wenyewe usasishe ukiwa mapumzikoni, kisha zima mtandao kabisa, fungua programu, pitisha kidole njia yako yote kwenye ramani. Ukiona mahali peupe, pakua tena. Na rubani mwenzako asisasishe chake siku hiyohiyo, ili kimoja kikigoma kingine kibaki.