Maswali na majibu: Kufundisha wanawake kujipima matiti

Maswali ya safari hii mengi yametoka kwa wanaofundisha wenzao: wahudumu wa afya, viongozi wa vikundi vya akina mama, na binti mmoja anayetaka kumfundisha mama yake.

Nawaelekeza akina mama kwa picha, lakini nikirudi mwezi unaofuata nakuta wengi wanaminya titi kwa vidole viwili. Nakosea wapi?

Picha inaonyesha mkono uwekwe wapi. Haionyeshi ukandamize kwa nguvu kiasi gani, na somo lenyewe liko hapo. Anayeminya titi kati ya kidole gumba na cha shahada huishia kushika tezi za maziwa na mafuta ya kawaida, akadhani kila anachokishika ni uvimbe. Titi linakandamizwa kuelekea mbavuni, kwa vidole vitatu vya kati vilivyobanwa pamoja, kwa ile nyama laini iliyo upande wa pili wa kucha. Ncha za vidole hazihisi vizuri.

Kabla hawajajigusa, wape zoezi. Tafuta sifongo nene, uipasue kidogo, utie punje moja ya dengu karibu na juu na nyingine karibu na chini. Iweke mezani, ifunike kwa kitambaa. Anayepapasa juujuu ataipata moja tu. Ya pili haipatikani mpaka akandamize hadi auhisi ugumu wa meza. Akishagundua hilo mwenyewe, maelezo yanakuwa mepesi: kila mahali zungusha vidole duara la ukubwa wa sarafu mara tatu, kwanza kwa wepesi, kisha kwa nguvu ya wastani, kisha kwa nguvu hadi uuhisi ubavu. Halafu telezesha vidole kwenda mahali panapofuata bila kuvinyanyua. Ukivinyanyua, utaruka sehemu. Mafuta kidogo au sabuni husaidia.

Mwisho akuonyeshe yeye. Kuitikia kwa kichwa hakutoshi.

Aanzie wapi, aishie wapi?

Eneo ni pana kuliko wengi wanavyodhani: kuanzia mtulinga hadi chini ya titi sidiria inapokaa, na kutoka kwapani hadi katikati ya kifua. Alale chali, taulo iliyokunjwa iwe chini ya bega la upande anaoupima, mkono wa upande huo nyuma ya kichwa, ili titi litandazike. Aanze upande wa kwapa, ashuke, apande, ashuke, kama anayelima matuta asiache hata moja. Karibu nusu ya saratani za matiti huota robo ya juu inayoelekea kwapani, kwa hiyo hapo asiwe na haraka. Kwapa lenyewe alipime akiwa ameketi, mkono umeinuliwa kidogo tu. Ukiinuliwa sana misuli hukaza na tezi zilizovimba hazishikiki.

Ukingo mgumu kidogo chini ya titi ni wa kawaida. Wengi hupata hofu ya bure hapo.

Kioo nacho kina kazi yake. Asimame mikono ikiwa chini, kisha aishike kiunoni akikaza kifua, kisha aiinue juu. Anatafuta ngozi inayobonyea au iliyo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, magamba au kidonda kisichopona kwenye chuchu. Chuchu iliyoingia ndani tangu ujana haina neno.

Siku gani ni nzuri?

Siku ya 7 hadi ya 10 tangu hedhi ianze, matiti yakiwa yamelainika. Aliyekoma hedhi au mjamzito achague tarehe moja ya mwezi. Anayenyonyesha ajipime mtoto akishanyonya.

Nasikia wataalamu wengine wameacha kusisitiza kujipima kila mwezi. Ni kweli?

Ni kweli. Huko Shanghai, China, wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo walishirikishwa katika utafiti ambao matokeo yake ya mwisho yalitoka 2002. Waliofundishwa kujipima hawakufa kidogo kuliko wenzao, ila walifanyiwa biopsi (kutolewa kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe) nyingi zaidi za uvimbe usio saratani. Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba kujipima kunamkinga, wala kwamba kunachukua nafasi ya mamografia, yaani picha ya eksirei ya matiti. Mwambie ayazoee matiti yake ili mabadiliko yakitokea ayatambue mapema, asikae nayo miezi sita ndipo ayataje. Hilo bado tunalifundisha.

Mama yangu ana uvimbe lakini hauumi. Tusubiri?

Msisubiri. Saratani nyingi za matiti mwanzoni haziumi. Kutouma si dalili njema. Uvimbe mwingi si saratani, lakini vidole haviwezi kuamua. Anahitaji mambo matatu: kupimwa kwa mikono na daktari, picha (mamografia au ultrasaundi), na pale inapohitajika biopsi. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba majibu yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni. Mkiambiwa "mrudi ukikua", ombeni rufaa.

Wanaume nao?

Ndiyo, ingawa ni takriban 1 katika kila wagonjwa 100. Uvimbe mgumu nyuma ya chuchu ya mwanaume upelekwe hospitali vilevile.

Nanyonyesha, titi liliwaka na kuvimba. Nimemaliza dawa, wekundu upo palepale.

Rudi wiki hii, wala usiongezewe dozi ileile bila kupigwa picha. Iko saratani inayojifanya jipu la maziwa.