Muulize Bwana Shamba: Bonsai ya Kwanza ya Kukuza Ndani ya Nyumba

SWALI: Bwana Shamba, habari za kazi. Ninaishi katika nyumba ya kupanga huku Nyegezi, na kwa muda mrefu nimetamani kuwa na bonsai, yaani mti unaokuzwa ukiwa mdogo ndani ya chombo kifupi kwa kupogolewa, sebuleni. Muuza miche wa kando ya barabara amenionyesha miti mitatu: mmoja ni wa jamii ya mkuyu, wenye mizizi iliyovimba kama viazi, wa pili una majani madogo manene yaliyojaa maji, wa tatu ni junipa, ambao ndio ulionivutia zaidi kwa umbo lake. Kitabu nilichoazima kinashauri bonsai ya ndani iwekwe kwenye dirisha la kusini. Dirisha langu linatazama kusini, lakini sioni jua likiingia. Nichukue mti upi?
Msomaji, Nyegezi, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, kitabu chako kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, ambako jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo, kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri kwetu hupita upande wa kaskazini, na katika miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Na hata linapokuwa upande wa dirisha lako, huwa juu sana kiasi kwamba upenu wa paa hulizuia lisifike ndani. Dirisha lenye manufaa huku kwetu ni la mashariki, linalopata jua la asubuhi lisilounguza. La magharibi, ambalo kwa nyumba nyingi za upande wenu ndilo linalotazama ziwa, nalo linafaa, mradi mti usigusane na kioo wakati wa jua kali la alasiri.

Jambo hili la mwanga ndilo linaloamua uchaguzi wako, kuliko umbo la mti. Macho ya binadamu huzoea giza upesi, hivyo sebule tunayoiona kuwa na mwanga wa kutosha huwa ni kiza kwa mmea, hasa ikiwa dirisha lina wavu wa mbu, pazia na kioo cha rangi kwa pamoja. Pima hivi: saa sita mchana, weka karatasi nyeupe mahali unapokusudia kuuweka mti, kisha nyosha kiganja juu yake. Ukiona kivuli chenye kingo zinazoonekana vizuri, mahali hapo panafaa. Ukiona ukungu tu, au usipoona kivuli kabisa, tafuta pengine.

Junipa uuache. Ni ndugu wa mtarakwa wa nyanda zetu za juu, na kama ndugu yake huyo, unahitaji jua la moja kwa moja na hewa ya nje. Aina nyingi zinazouzwa kama bonsai hutoka nchi zenye majira ya baridi, na huhitaji baridi hiyo ili zipumzike. Hasara yake kubwa kwa mtu anayeanza ni kwamba majani yake hubaki ya kijani kwa wiki nyingi baada ya mti kufa, kwa hiyo utaendelea kuumwagilia ukidhani u mzima.

Ule wa majani manene, kwa maelezo yako, huenda ni Portulacaria afra, mti wa Afrika Kusini. Huhifadhi maji katika majani na shina, hivyo humfaa mtu anayesafiri mara kwa mara. Lakini unapenda jua sana, na sebuleni mwako utarefuka na kulegea.

Chukua wa jamii ya mkuyu. Kwa jina la kitaalamu ni Ficus microcarpa, asili yake ni Asia, na huvumilia mwanga hafifu, hewa ya ndani na mikasi ya mwanafunzi kuliko mingine miwili. Kabla ya kulipa, utikise kidogo uone kama umeshika udongo. Tazama kama shina ni nene chini na kupungua kuelekea juu. Kagua upande wa chini wa majani kama kuna wadudu. Na hakikisha chombo kina matundu ya kutolea maji. Ukikuta kokoto zimegandishwa juu ya udongo kwa gundi, zibandue siku hiyohiyo, kwa sababu huzuia maji kupenya. Mti ukifika nyumbani unaweza kupukutisha majani mengi kwa sababu ya kuhamishwa. Usiongeze maji kwa hofu. Uache mahali pamoja, utachipua upya. Machipukizi yakifikia majani sita hadi manane, yakate ili kila chipukizi libaki na majani mawili au matatu. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi, basi watoto wakae mbali.

Niongeze maoni yangu. Desturi ya kukuza bonsai ndani ilishamiri katika nchi za baridi kwa sababu miti ya tropiki ingekufa nje. Kule Japani kwenyewe bonsai huishi nje, na huingizwa ndani kwa muda mfupi ili wageni waitazame. Mwanza haina baridi ya kuufukuza mti barazani. Ikiwa nyumba yako ina baraza yenye jua la nusu siku, uweke huko, uuingize sebuleni unapokuwa na wageni, kisha uurudishe.

SWALI: Nimwagilie mara ngapi kwa wiki?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Hakuna ratiba inayofaa. Kati ya Juni na Septemba, hewa inapokuwa kavu, chombo kidogo kinaweza kuhitaji maji kila siku. Wakati wa masika kinaweza kukaa siku kadhaa. Ingiza kidole udongoni: ukiwa umeanza kukauka juu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na usiache chombo kisimame ndani ya sahani yenye maji, kwani mizizi huoza. Udongo wenyewe ndio wenye kuleta shida zaidi. Usitumie mchanga laini wa ufukweni, kwa kuwa hushikamana na kuziba hewa. Mwanza tumejaliwa mawe: omba chenga kwa wanaoponda kokoto, uzichekeche upate punje za milimita 2 hadi 5, uzioshe vumbi, kisha uchanganye na mboji iliyoiva.

SWALI: Je, ninaweza kuanza na tawi la mti wa hapa kwetu badala ya kununua?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Unaweza. Ficus natalensis, ambao Waganda huuita mutuba na kutengenezea nguo za magome, huota kwa urahisi kutokana na tawi lililochomekwa ardhini, hata likiwa nene, ndiyo maana watu huutumia kwa uzio. Omba ruhusa kwa mwenye mti, kata tawi lenye unene wa kidole gumba, na lipande kwanza ardhini au katika ndoo iliyotobolewa. Usiliharakishe kuingia katika chombo kifupi, kwa sababu likishaingia humo shina hunenepa polepole mno.