Umekuja Lexington na hujui basketi? Soma hii kabla Machi haijafika

Nawaandikia wadogo zangu mnaokuja huku Lexington, Kentucky, iwe unakuja kusoma au unakuja kubeba maboksi ghalani kama tulivyoanza wengi wetu. Mambo ya nyumba na leseni ya gari mtaambiwa na wengine, na Kiswahili hamtakikosa maana Wakongo tumejaa huku na watu wa Afrika Mashariki pia wapo. Mi nataka niseme kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia, basketi ya chuo, yaani mpira wa kikapu wa timu za vyuo vikuu. Kwanza ujue tu mtu akisema "UK" hapa hasemi Uingereza, anasema Chuo Kikuu cha Kentucky, na akisema "sisi" ujue anaongelea timu hata kama hajawahi kukanyaga darasa la chuo hicho maisha yake yote.

Sababu ni rahisi. Jimbo hili halina timu ya NBA (ligi ya kikapu ya kulipwa), halina ya NFL (ligi ya mpira wa Kimarekani), kwahiyo mapenzi yote ambayo Dar yamegawanyika Simba na Yanga hapa yamemwagwa kwa vijana wa miaka 19 na 20. Chuo cha Louisville, mji mwingine wa jimbo hili, nao wana timu yao, hiyo ndo derby yenyewe, siku hiyo usivae nyekundu, rangi yao, kazini kama hujui unachofanya. Uwanja wa Rupp Arena unaingiza watu zaidi ya 20,000, nenda siku moja uangalie wazee wa miaka themanini wanavyopanda ngazi taratibu wameshikana mikono na wote wamevaa buluu, rangi ya Kentucky.

Kosa langu la kwanza nililifanya Januari. Timu inashinda, watu wana furaha, mi nikamwambia mzee mmoja wa foklifti hongera bana msimu mzuri huu. Akaniangalia kwa upole tu akasema tutaongea Machi. Sikuelewa. Nilikuwa nahesabu ushindi, wao wanahesabu makombe. Kentucky wana ubingwa wa taifa mara 8: kocha Adolph Rupp alichukua 4 (1948, 1949, 1951 na 1958), halafu 1978, 1996, 1998 na 2012. Na mashindano ya Machi, ya kumtafuta bingwa wa taifa, ni timu 68 za mtoano, ukifungwa mara moja tu unapanda basi kurudi nyumbani, hakuna mechi ya marudiano. Msimu wa 2014-15 walishinda mechi 38 mfululizo, thelathini na nane! Ya 39 wakafungwa na chuo cha Wisconsin 71-64 kwenye nusu fainali, na mpaka leo ukiuliza watu kuhusu timu ile wanaanza na hiyo moja. Kwahiyo usimpongeze mtu Januari, na Machi akinyamaza usimuulize kulikoni.

Usiku ulionifundisha zaidi ni tarehe 17 Machi 2022. Kentucky walikuwa wamepangwa namba 2 kwa ubora kwenye kundi lao la mashindano, wanacheza na Saint Peter's, kachuo kadogo ka New Jersey kalikopangwa namba 15. Mwaka ule nyota wetu alikuwa Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndo lugha ya mtaani, na alikuwa anachukua ribaundi 15 (mipira inayodakwa baada ya shuti kukosa) kila mechi kwa wastani, ndo mwaka aliochaguliwa mchezaji bora wa vyuo Marekani nzima. Yaani ghafla sisi wageni tukawa na mtu wetu. Kazini watu waliokuwa hawanisalimii wakaanza kuniuliza unatoka karibu na kwao Oscar? Tulikuwa kwenye chumba cha kulia chakula tunaangalia kwenye simu ya mtu imeegemezwa kwenye chupa ya soda. Oscar akafunga pointi 30 na ribaundi 16 na bado wakafungwa 85-79 dakika za nyongeza. Hakuna aliyetukana. Yule mzee wa foklifti alivua kofia yake ya buluu, akaikunja katikati, akaiweka ndani ya mfuko wa chakula juu ya sandwichi ambayo hakuila, akarudi kazini dakika 10 kabla ya breki kuisha.

Nilidhani baada ya hapo watamchukia Oscar, maana mitandaoni matusi kwa kocha John Calipari yalikuwa ya kutisha. Mwezi uliofuata Oscar akatangaza anabaki mwaka mmoja zaidi, na aliyeniletea habari ni yule yule mzee, alinifuata mpaka kwenye loka yangu akasema ndugu yako anabaki. Anabaki, si kwamba atatuletea kombe. Hapo ndo nikaanza kuwaelewa hawa watu.

Nenda Rupp uangalie jezi zilizotundikwa juu. Kuna jezi za vijana wanne wa timu ya 1992 ambayo haikuchukua kombe lolote la taifa, ilifungwa na chuo cha Duke 104-103 kwa shuti la Christian Laettner la sekunde ya mwisho kabisa (jina hilo usilitaje kwenye sherehe ya mtu, nakuomba). Zimetundikwa kwa sababu timu ilipofungiwa kwa makosa ya uongozi uliopita, wachezaji wengine waliondoka, hao wanne wakabaki. Mashabiki wanadai kombe kila mwaka, ni kweli na ni mzigo mzito, lakini anayekaa moyoni mwao ni aliyebaki. Ndo maana walipompa ukocha Mark Pope mwaka 2024, aliyekuwa nahodha wa mabingwa wa 1996, watu walijaza Rupp kuja kumsikiliza mtu anaongea tu, hakuna hata mpira uliodundwa. John Calipari aliyemtangulia alikaa miaka 15, alichukua kombe la 2012 na alipeleka vijana NBA mpaka hesabu inachosha, ila wengi wao walicheza mwaka mmoja wakaondoka, na Machi zikawa zinaisha mapema, mpaka ile ya kufungwa na Oakland, chuo kidogo cha Michigan, 2024.

Siku hizi ni ngumu zaidi. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kuhama chuo imekuwa rahisi, timu ya kwanza ya Pope karibu yote ilikuwa sura mpya. Utasikia shabiki anasema analipwa huyo acha asemwe. Mi sikubaliani kabisa. Ni kijana wa umri wako wewe unayesoma hii, ana mtihani Jumatatu na ana mama anayesoma maoni kwenye simu. Lalamika kuhusu mfumo wa kocha mpaka asubuhi ukitaka, lakini usimwandikie mchezaji ujumbe wa matusi, hata mara moja.

Kwa mnaokuja kufanya kazi, jaribuni hii, mimi ilinisaidia kuliko kozi ya Kiingereza. Ratiba ya mechi ikitoka, iandike, halafu jitolee kuchukua shifti za watu siku za mechi kubwa. Kuna mama mmoja nilimchukulia shifti ya mechi ya Louisville, toka siku hiyo yeye ndo ananichukulia shifti ya Jumapili ya Pasaka, sijawahi kuomba mara mbili. Na wanafunzi, msianze na mechi kubwa, tiketi ni ghali na watu wana presha. Anzeni na zile za Novemba dhidi ya timu ndogo, kaeni juu kabisa, na mkikuta mzee pembeni mwulizeni alikuwa wapi mwaka 1992, halafu mzime simu maana atakujibu mpaka mapumziko.