Bastola ya Ben haijawahi kulia: kwa wadogo zangu wa tamthilia za kibwege

Jana nilikaa nyuma kwenye semina ya mwaka wa pili. Mawasilisho matano, manne yakaanza na "mwandishi anaonyesha kwamba maisha hayana maana". La tano lilianza hivyohivyo, ila kwa Kiingereza. Wadogo zangu nawapenda, lakini mtaniua. Andikeni haya.

1. Esslin, mhakiki aliyezipa tamthilia hizi jina la "Theatre of the Absurd", asomwe baada ya tamthilia yenyewe. Kitabu chake cha 1961 mmekigeuza mhuri: mtu anagonga "ubwege" juu ya waandishi kama Pinter, Albee na Simpson, kisha anakwenda kula wali maharage. Simpson ana kijana anayefundisha mashine za kupimia uzito kuimba. Albee ana watu wawili na benchi. Semeni kwanza mnachokiona.

2. Maelekezo ya jukwaani nayo ni matini. Kwa Pinter, kituo ("Pause") si ukimya ("Silence").

3. Hapa nitakawia, maana hapa niliaibika. Mwaka wa tatu niliongoza The Dumb Waiter ya Pinter kwa mradi wa vitendo. Mnaijua: Ben na Gus, wauaji wa kukodiwa, wamo kwenye chumba cha chini huko Birmingham wakisubiri kazi. Kilifti cha ukutani kinawashushia oda za steki na chipsi, nao hawana hata shilingi ya mita ya gesi. Mwishoni Gus anaingia akipepesuka, hana koti, hana bastola. Ben amemlenga. Wanatazamana. Pazia. Risasi Pinter hakuiandika.

Nikaiandika mimi. Niliogopa watazamaji watasema hatujamaliza, basi nikamweka rafiki yangu nyuma ya pazia na puto: apasue, Gus aanguke. Na kwa kuwa huruma ilishanishika, nikafyeka vituo vyote, eti vinachosha. Siku ya siku puto likapasuka mapema. Ben ndiyo kwanza anachana nywele, Gus bado yuko nje anasubiri zamu yake. Kijana wa watu aliposikia mlio akaanguka hukohuko nje, kishindo tukakisikia wote. Ben akabaki na kitana mkononi, hana wa kumlenga. Ukumbi ukavunjika mbavu, nami kwa ujinga wangu nikadhani tumepasua kweli. Mtahini akauliza swali moja tu: "Aliyekufa ni nani, na nani kakutuma umuue?" Nikajibu kwamba mwandishi anaonyesha maisha hayana maana. Sapu ile niliifanya peke yangu, mwezi wa tisa, chuo kitupu, bumu limeisha.

4. Mkitafsiri, msiwe wepesi wa kurekebisha. Ben anasema "washa birika". Gus anabisha, kinachowashwa ni gesi, na nusura wakabane roho. Mwaka jana kundi moja liliandika "bandika chai" tangu mwanzo, Kiswahili safi kabisa, na ugomvi wote ukayeyuka. Waigizaji wakawa wanagombana bila sababu, halafu wakaniambia huo ndio ubwege. Raha yenyewe iko mbele: Ben mwenyewe baadaye anachoka, anateleza na kusema "bandika birika". Bibi yangu, ambaye hajawahi kumsikia Pinter, nilipomsimulia alicheka hadi kanga ikamvuka.

5. Peter wa The Zoo Story, ile ya Albee yenye benchi, si mwehu. Ana kazi ya uchapishaji, mke, mabinti wawili, na anapigania benchi la bustani kama shamba la urithi. Hapo ndipo pa kuuliza kwa nini.

6. Ndiyo, The Birthday Party ya Pinter ilifungwa pale Hammersmith, London, mwaka 1958 baada ya maonyesho 8, na sifa za mhakiki Hobson gazetini zikatoka imeshafungwa. Msimpe mtahini hoja hiyo kujitetea. Nilijaribu.

7. Kundi la tatu, nimeiona orodha yenu ya vifaa vya wiki ijayo. Hilo puto ni la nini? Njooni ofisini kabla ya Alhamisi.