Barua kwa mwanangu: umeniuliza uanzie mji gani

Mwanangu, mbukwa.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa na miwani. Unauliza uanzie mji gani, Tanga, Kilwa au Mtwara, na ukae miezi mingapi kila mji ili akiba yako ifike mwaka mzima, maadamu kazi yako siku hizi ni kompyuta na intaneti na bosi hajali umelala wapi. Umeniletea na jedwali: kodi, chakula, bando, nauli. Baba yako amelitazama kwa muda, akarudisha simu na kusema, "Wazungu wa karanga nao walikuwa na jedwali."

Usikasirike, unamjua. Ila babu yako, ambaye jina lake umelibeba wewe, aliendesha trekta la wale Waingereza walioingia Kongwa mwaka 1947 kulima karanga, na hadi anakufa alicheka akikumbuka kwamba kwenye karatasi zao kila kitu kilikuwepo isipokuwa mvua. Kufikia 1951 walishasalimu amri. Hiyo bandari ya Mtwara unayoitamani ilijengwa kwa ajili ya mpango huo huo. Bandari ipo, karanga hakuna.

Nikujibu la hali ya hewa, maana hilo halina ubishi. Kusini nenda Juni, kusi likivuma na joto limepungua, ukae hadi Oktoba. Desemba mpaka Aprili ndiyo mvua yao. Tanga usiende masika, yaani Machi hadi Mei, nguo hazikauki na vitabu vinaota ukungu. Januari na Februari Tanga ni kavu, ila jasho utaliona. Huko Pemba ya Msumbiji ulikoandika mwishoni kwa rangi nyekundu, kufute. Tangu 2017 mkoa wake wa Cabo Delgado haujatulia, na mimi sina moyo wa kukesha nikisikiliza taarifa ya habari.

La kodi sasa. Jedwali lako linasema utalipa mwezi kwa mwezi. Nani amekuambia? Mwenye nyumba atataka miezi sita kwa mpigo, akikuhurumia mitatu, na dalali atachukua kodi ya mwezi mzima kwa kukuonyesha mlango. Ukihama kila baada ya miezi mitatu, umewalipa madalali wanne kwa mwaka. Lala gesti wiki moja, kula kwa mama ntilie yule yule kila siku, mwishoni yeye mwenyewe atakuambia nani ana chumba. Kisha kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa kabla hajakuulizia. Na uonje maji ya kisima kabla ya kutoa hela, maana pwani kisima kinaweza kuwa kimejaa na maji yasinyweke kwa chumvi.

Haya, nimekujibu. Ila kuna kitu hujakiuliza, na tangu juzi hakinipi usingizi. Kila mji umeuandikia tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka, kama basi. Mimi nasema siku zote, na baba yako amechoka kunisikia: mji huujui mpaka uugue ndani yake. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331 akausifia uzuri wake, nimewafundisha watoto hilo miaka thelathini. Kama aliugua pale, hakuandika.

Lindi mimi niliugua. Na Lindi hukuiweka hata kwenye jedwali.

Unajua nilipangiwa kule 1988, lakini nadhani sijawahi kukusimulia vizuri. Daraja la Mkapa halikuwepo, Rufiji tulivuka kwa kivuko pale Ndundu, na sisi kivuko kilikuwa kibovu, tukalala kando ya mto siku mbili. Nilifika nina miaka ishirini na minne, nina sanduku la bati na lafudhi ya Kigogo. Nilipanga chumba kwenye uwanja wa Bi Zainabu. Siku ya kwanza alinikuta nakinga maji niliyonawia ili nimwagilie mchicha, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, hapa si Dodoma, mwaga!" Sikumwaga. Nilimwonea hasira wiki nzima, namwamkia shikamoo nikiwa natazama pembeni.

Mwezi wa tatu malaria ikanishika. Klorokwini za siku hizo zilikuwa zinawasha mwili mzima, nilijikuna mpaka nikatoka damu. Bi Zainabu alinifunga kanga yake, akamwita mwanawe Hamisi, wakanikalisha kwenye baiskeli, mmoja anasukuma, mwingine ananishika mgongo, mpaka hospitali. Nilipotoka alinipikia uji wa mchele wa tui siku kumi. Na maji niliyonawia, nikiwa kitandani, alikuwa anayamwagia ule mchicha. Aliniambia baadaye, kama mtu anayekiri wizi.

Kanga ile ndiyo hiyo ya njano niliyokukataza kuikata uifanye tambara la pikipiki. Ni kipande kimoja cha doti. Mwenzake alibaki Lindi. Maneno yamefutika, limebaki "Usi" tu, na usifanye nini sijui tena.

Desemba 1990 ikaja simu ya maandishi kwamba babu yako yu mgonjwa. Niliondoka alfajiri. Nilimwambia Bi Zainabu narudi Januari, shule zikifunguliwa. Nikiwa Kongwa uhamisho ukatoka, nikabaki huku, ukazaliwa wewe. Niliandika barua moja. Haikujibiwa, na sikuandika ya pili. Ningeweza kusema posta ilikuwa mbaya. Posta haikuwa mbaya kiasi hicho.

Na 2009, ile safari ya semina Mtwara tuliyokwenda na baba yako, basi lilisimama stendi ya Lindi dakika ishirini. Nyumba ya Bi Zainabu ni mwendo wa dakika kumi. Baba yako akaniambia, shuka, mimi nitamshika dereva kwa maneno. Nilishuka, nikanunua ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nikarudi kitini. Niliila yote mpaka Mingoyo bila kumpa hata kipande.

Sasa hapo ndipo ninapojipinga mwenyewe. Nataka kukuambia usikae miezi mitatu mitatu, kaa mwaka mahali pamoja, uwe mtu wa pale. Lakini mimi nilikaa karibu miaka mitatu, na tazama nilivyoondoka. Labda wewe wa miezi mitatu utaaga vizuri kuliko mimi, kwa kuwa tarehe kila mtu anaijua tangu mwanzo. Labda. Halafu nakumbuka kwamba mtu wa miezi mitatu hakopeshwi kanga. Sijui. Sisi Wagogo ni watu wa kupitiwa, misafara ya pembe iliyokuwa inakwenda Bagamoyo ilitulipa hongo, yaani ushuru wa njia, ili ipate maji, hatukufundishwa namna ya kupita kwa watu. Baba yako anasema hilo ni neno zuri la kufichia aibu. Huenda.

Ukiugua, na utaugua kwa sababu mji huujui mpaka uugue ndani yake, usikimbilie basi la kurudi Dodoma. Mgongee mtu wa mlango wa pili. Na kadi ya bima uwe nayo mfukoni, isikae kwenye begi.

Kama uende au usiende, mimi sisemi. Nilipokuwa na umri wako mimi sikuuliza mtu. Nina maoni, unayajua, yanaanza na herufi L. Bi Zainabu akiwa hai anakaribia miaka tisini. Hamisi atakuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, uwanja ulikuwa na mkorosho mmoja na mlango wa bluu, ingawa mlango hupakwa rangi nyingine.

Jumamosi panda treni ya mchana. Baba yako hapendi kukufuata stesheni usiku, anasema hataki lakini hulala na viatu. Kanga nimeifua, iko juu ya sanduku. Uje na begi lenye nafasi kidogo. Sijasema uende.

Mama yako,
Nkuhungu, Dodoma