Kupunguziwa bei ya hoteli Phuket msimu wa mvua

Dada, umeuliza kama ukienda Phuket Septemba, watalii wakiwa wachache, unaweza kuomba punguzo bila kuonekana mshamba. Omba tu, wamezoea. Mei hadi Oktoba ni mvua upande ule wa Thailand, vyumba vinalala wazi.

Usilipie siku zote kumi ukiwa nyumbani. Lipia mbili, kisha ukifika Kata au Karon, fukwe za Phuket, tembea kwa miguu, ingia mapokezi, uliza bei ya wiki nzima kwa mpigo. Waonyeshe kwenye simu bei yao ya mtandaoni: tovuti zinawakata kamisheni, kwa hiyo ukilipa pale pale wana pa kushukia. Wakigoma, omba kifungua kinywa au chumba cha ghorofa ya juu. Na utabasamu, kule ukipandisha sauti umeshaharibu.

Halafu tazama alama ya ++ pembeni ya bei. Mimi iliniumiza. Maana yake huduma 10% na VAT 7% bado hazijaingia, hivyo chumba cha baht 2,000 kinakuwa 2,354.

Bendera nyekundu ikipepea ufukweni, ogelea kwenye bwawa la hoteli.