Tafakuri za "nimejifunza mengi"

SWALI: Ninafundisha stadi za kompyuta mwaka wa kwanza chuo kikuu. Mwisho wa muhula huwataka wanafunzi waandike tafakuri ya kurasa mbili, na karibu wote huandika, "Nimejifunza mengi, somo lilikuwa zuri." Hata nilipowapa mzunguko wa Gibbs, yaani mwongozo wa kutafakari hatua kwa hatua, mambo ni yale yale. Nakosea wapi?

JIBU: Unawauliza wakiwa wameshasahau. Mzunguko wa Gibbs (1988) una hatua sita, na ya kwanza ni kueleza tukio. Aliyekwama wiki ya tatu hana tukio la kueleza wiki ya kumi na nne, basi hatua zote sita anazijaza sifa tupu.

Wape kazi yenye mtego. Waingize kwenye lahajedwali (kama Excel) namba za usajili zinazoanza na sifuri. Mtu ataandika 00417, seli imwonyeshe 417. Wengi huandika upya, sifuri zinapotea tena. Wajanja hubadili aina ya seli iwe maandishi, lakini wamechelewa: kilichokwisha kuhifadhiwa ni namba 417, sifuri hazirudi. Hapo usikimbilie kuwaokoa (najua inakera kutazama).

Zikibaki dakika 15, kila mmoja apige picha ya skrini pale alipokwama, kisha ajibu kwa maneno kama 120: Nilitarajia nini? Kimetokea nini, na kwa nini? Nikipewa faili kama hili tena, nitaanza na nini?

Majibu utakayopata hayatafanana. Mmoja ataandika, "Nilipata changamoto nikaitatua." Mrudishie na swali moja tu: changamoto gani, kwenye seli ipi? Mwingine ataandika, "Nilidhani faili limeharibika. Kumbe programu imeichukulia namba ya usajili kama kiasi, na kwenye kiasi sifuri za mbele hazina maana. Nitaweka safu iwe maandishi kabla ya kuandika chochote." Huyo ametafakari, ingawa hakutaja hisia hata moja.

Alama zitolewe kwa sababu iliyo sahihi na hatua inayoweza kujaribiwa. Ukizitoa kwa hisia, watakuigizia majuto. Wiki inayofuata lete faili la tarehe: 03/04 inaweza kusomwa 3 Aprili au 4 Machi, kutegemea mipangilio ya kompyuta. Angalia nani anakagua mipangilio kwanza.

SWALI: Wengine huandikiwa tafakuri na akili bandia. Nitumie programu za kuwanasa?

JIBU: Usizitegemee, hukosea, na anayeumia ni aliyeandika mwenyewe. Chukua wanafunzi watano kila kipindi, dakika mbili kila mmoja. Mfungulie faili lake, umwambie, "Rudia kosa lako nilione." Aliyelipitia atalirudia bila kusoma popote.